Mabeseni ya Vumbi kwenye Barabara ya Beni

Najua mmenilaani wiki nzima. Nilimwacha Mama Kapinga kwenye kizuizi cha kutokea Butembo, kikombe cha kamanda kimegusa mdomo wake, nikafunika kalamu nikaenda zangu kula. Msomaji mmoja wa Alimbongo amemtuma dereva aniambie kwamba kama mama yule amekufa, yeye hanunui tena gazeti hili. Tulia, ndugu. Bado hajanywa.

"Kunywa," alisema Kamanda Jordy.

Maji yalimwagikia vidole vya Kapinga, naye akayaogopa hata hayo ya vidoleni. Nyuma ya kamanda walisimama askari wake, mbali kidogo. Nyuma ya askari malori yalikuwa yamepangana mteremko mzima, madereva wameshuka, wanatazama.

Wewe uliyekosa magazeti ya nyuma, nakupa yote kwa pumzi moja. Ni vita ya pili. Mji unatawaliwa na watu wa bunduki, na wakubwa wao wako Beni. Kapinga ni mtumishi wa serikali kutoka Kasai, ofisi ya mazingira ya mji. Tajiri Kasonia anataka kujenga depo kubwa la malori juu ya kilima, ubavuni mwa nyumba ya uzazi, na akina mama wa kule wanalia kwamba vumbi la sasa peke yake linawakohoza watoto wachanga. Mji ukasema: kabla ya kumpa Kasonia ruhusa, tupime.

Ndipo Kapinga akaweka vyombo vya maji kando ya barabara ya Beni, vingine chini penye malori na vingine juu karibu na nyumba ya uzazi, ili vumbi litue humo. Mume wake Xavier, mwalimu asiye na mshahara, akakubali kukaa na kiti chake kando ya njia na kuhesabu magari. Ukijua magari ya leo yanaleta vumbi kiasi gani, unaweza kujua magari ya depo yataleta kiasi gani kesho. Hesabu nyepesi, ya darasani. Lakini nani alikwambia uhesabu magari ya watu wakati wa vita?

Xavier alikamatwa alfajiri, akiitwa mpelelezi. Sasa amefungwa kamba, amekalishwa nyuma ya jeep ya kamanda, anangoja kupelekwa Beni. Na kila mtu Butembo anajua kwamba waliopandishwa jeep ile kwenda Beni hawajarudi kusimulia.

Kosa la Kapinga lilikuwa moja, na mzaliwa wa Butembo asingelifanya hata akiwa amelewa. Makopo yake ya kwanza yaliibwa, akanunua mabeseni meupe sokoni. Mbuzi wasiyapindue, akayazungushia mawe. Malori yasiyakanyage, akachomeka tawi bichi kando ya kila beseni na kulifunga kitambaa chekundu. Jana magharibi aliyatazama akaona kazi safi. Asubuhi dereva wa kwanza aliona maji, mawe ya duara, tawi na rangi nyekundu, akakanyaga breki hadi lori likalia.

Mai-Mai! Wale wapiganaji wa msituni ambao watu husema wakinyunyiziwa maji yao risasi haiwapati, na adui akiyavuka maji hayo miguu inamkauka. Lori la pili likasimama nyuma ya la kwanza, la tatu nyuma ya la pili, na barabara yote ikafa.

Sasa turudi kwenye kikombe, chenye maji ya beseni.

"Ulisema ni maji tu," Jordy alisema. "Mutu akisema ni maji, anakunywa."

"Ni maji, Commandant. Mais hii maji haikunywiwe."

"Juu ya nini?" Jordy alitaka kujua sababu.

Kapinga alimtazama Xavier pale kwenye jeep. Xavier alitikisa kichwa polepole: usiseme. Lakini Kapinga alilelewa na masista, na uongo haukuwa unamjia upesi.

"Nilitia sulfate ndani, ile ya buluu. Balimaji ba viazi banaimwangiaka ku shamba. Maji ikikaa ku jua bila sulfate inaota kijani, na vumbi hapana onekana tena. Mutu akiikunywa atatapika mpaka afe."

Askari waliruka nyuma kwa pamoja.

"Amekubali!" mmoja alipiga kelele. "Chef, ameitika yeye mwenyewe! Ni sumu!"

Jordy alimnyang'anya kikombe akakitupa mtaroni. Kisha akafuta mkono kwenye suruali, akafuta tena, na tena. Kapinga aliona jambo lililomtisha kuliko bunduki zote zile. Kamanda naye alikuwa anaogopa. Ukiwa mbele ya mtu mwenye silaha na hofu, hujui utashika wapi.

"Mumupeleke," Jordy alisema, akimwonyesha Xavier kwa kidole. "Beni. Sasa hivi."

"Commandant, nakuomba! Ni bwana yangu! Ni mwalimu!"

"Mama Gaëlle, nyamaza!" Xavier alimwita kwa jina la binti yao, aliyeachwa kwa jirani tangu asubuhi. "Nyamaza tu!"

Jeep iliwashwa. Ilinguruma, ikasogea hadi kwenye mnyororo wa kizuizi, ikasimama. Mbele yake, kulia na kushoto mwa barabara ya Beni, mabeseni meupe yalikuwa yanang'aa juani.

"Twende!" Jordy alipiga kelele.

Askari dereva alizima injini. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Nakoki te, chef," alisema kwa Kilingala cha kambini, sauti inakaribia kilio. "Siwezi pita mule. Uniue hapa hapa, mais mule siwezi."

Hebu niambie, umewahi kuona kamanda anayekaidiwa mbele ya mji mzima? Uso wa Jordy ulivimba. Alimtazama askari wake wa pili, naye akatazama viatu. Wa tatu akajifanya anafunga kamba.

"Weye!" alimgeukia Kapinga. "Ondosha maji yako mu njia yangu!"

Hapo Kapinga aliona kamlango kadogo.

"Commandant, nikiondosha tu, bataendelea kuogopa fasi, pale ilikuwa. Batasema nimezika kitu chini. Uache nibaonyeshe. Kama ni kitu mubaya, itanikamata mimi wa kwanza."

Hakungoja ruhusa. Angengoja, miguu ingegoma. Alipita chini ya mnyororo, akapiga magoti kando ya beseni la kwanza, akaingiza mikono yote miwili hadi viwikoni.

Dereva mmoja alitaja jina la Mungu kwa Kinande, "Nyamuhanga!", akajishika kichwa.

Kapinga alitoa mikono. Ilikuwa imejaa matope mekundu, mazito, ya barabara ile ile. Akayainua watu wayaone. Kisha akapanda njia ya maternité, ile nyumba ya uzazi, akaja na beseni lililokuwa kule juu, hatua kwa hatua maji yasimwagike, na kuyaweka mabeseni mawili pamoja.

"Muangalie," alisema. "Hii ilikuwa ku bord, kando ya njia. Hii ilikuwa kule juu. Maji ni moja, usiku ni moja, beseni ni za mama moja mu soko. Juu ya nini hii iko na matope mingi, na ile iko na kidogo?"

Mtu akakohoa. Alikuwa Ésaïe, dereva wa miaka mingi wa njia ya Kasindi, mwenye tumbo na kofia ya sufi, yule yule aliyekanyaga breki asubuhi. Alisogea kwa kujivuta, mkono mmoja umeshika msalaba shingoni.

"Juu vumbi inachoka njiani," alisema.

"Njo vile, ni vile kabisa, papa Ésaïe! Inachoka, mais haichoke yote. Kidogo inafika mpaka kwa batoto kule juu. Sasa patron Kasonia akijenga depo pale, makamio, yale malori yake, itapanda mpaka pale pale. Tunataka kujua mbele, hapana kungoja batoto bakohoe njo tujue."

Ésaïe aliinama juu ya beseni. "Donc hii matope ni ya kamio yangu?"

"Ya kamio yako na ya benzako, papa."

"Kumbe! Na bibi yangu anasemaka mi hapana letaka kitu ku nyumba."

Madereva walicheka. Walicheka sana, kama watu wanavyocheka wakitoka kwenye hofu. Hata askari mmoja alicheka, akakumbuka bunduki yake, akanyamaza. Jordy alisogea polepole, akachovya kidole, akakinusa.

"Ni vumbi tu," alisema.

"Ni vumbi tu, Commandant!"

Moyo wa Kapinga ulipanda juu. Alimtazama Xavier, akamwona anapumua. Yamekwisha, alijiambia. Watamfungua. Na furaha, wapenzi wangu, hufungua kinywa kuliko pombe. Hapo ndipo alipojimaliza.

"Na namna hii ya kupima ni nguvu sana," aliendelea, mikono yenye matope inachora hewani. "Angalia, hii matope yote ni ya usiku moja tu! Niliweka mabeseni jana magharibi, wakati mulifunga mnyororo. Na leo hakuna kamio imepita, bote banasimama pale. Usiku moja tu, na beseni imesha..."

Msomaji wangu, wewe umeshaelewa. Yeye alielewa neno likiwa limeshatoka.

Usiku ni couvre-feu. Jua likizama kizuizi kinafungwa, na gari la mtu halipiti hadi asubuhi. Ufunguo wa mnyororo uko mfukoni mwa Kamanda Jordy peke yake. Basi kama barabara ililala usiku na haikuamka asubuhi, vumbi hili lilitimuliwa na nani?

Malori. Mazito, mengi, yaliyozima taa. Ndiyo maana madereva wa malori hayo hawakuona tawi wala kitambaa.

Jordy alikuwa anamtazama. Hakukasirika. Hofu yote ya Mai-Mai ilikuwa imemtoka usoni, na kilichobaki pale kilikuwa kitulivu sana. Kapinga alitamani kamanda yule wa mwanzo arudi, yule wa kupiga kelele.

"Batu bote nyuma!" Jordy aliamuru. Akamshika Kapinga mkono juu ya kiwiko, akamvuta nyuma ya kibanda cha walinzi.

"Weye uko na akili, mama. Akili mingi. Nani tena anajua?"

"Hakuna, Commandant. Hata mimi hapana jua kitu. Ni vumbi tu."

"Bwana yako?"

"Hajui."

"Wakubwa ba Beni?"

"Hakuna mutu. Nakuapia kwa mutoto wangu."

Kabla Jordy hajajibu, askari alikuja mbio kutoka mbele. "Chef! Gari ya Beni! Major Jephté mwenyewe!"

Jordy alitukana kwa lugha ambayo gazeti hili halichapishi. Ni nani aliyemwita Major? Ni Kasonia, bwana. Malori yake matatu yenye chumvi na samaki yalikwama tangu asubuhi, samaki wanaanza kunuka, naye si mtu wa kukaa akilia. Alikwenda kwenye phonie, ile redio ya wafanyabiashara, akapiga kelele hadi Beni ikasikia.

Jordy alimbana Kapinga ukutani. Alisema kwa haraka na kwa sauti ya chini, karibu kwa upole.

"Sikia muzuri. Major atauliza hii maji ni nini. Utasema ni maji ya Mai-Mai, balikutuma. Ukisema vile, bwana yako atalala ku nyumba leo. Neno ya kamanda. Ukisema ni vumbi, bwana yako atakimbia."

"Amefungwa kamba, Commandant. Atakimbiaje?"

"Atakimbia," Jordy alirudia. "Na basoda bangu batamupiga risasi. Ni vile inafanyikaka."

"Na mimi nikisema ni ya Mai-Mai?"

Jordy aliinua mabega. Kila mtu anajua Mai-Mai akikamatwa anafanywa nini, mwanamume au mwanamke.

Wakatoka. Gari la Beni lilikuwa limesimama ng'ambo ya mabeseni, dereva wake naye amegoma. Mtu mfupi mwenye miwani alikuwa anakuja kwa miguu, peke yake, katikati ya barabara, kati ya maji ya kulia na maji ya kushoto, hatazami upande wowote. Madereva walishika vinywa. Major Jephté aliinama chini ya mnyororo, akapangusa magoti, akasalimia watu wote kama padre anayeingia kwenye misa.

Tajiri Kasonia alimfikia wa kwanza, shati limelowa jasho. "Major, wasingya, asante sana kufika! Samaki yangu inaoza! Hii maji si kitu. Mi nilikuwa ku réunion ya mairie, mkutano ya mji, huyu mama alitueleza yote. Inapima vumbi ya makamio. Ni juu ya depo yangu, ile wananikatalia!"

"Major, huyu anadanganywa," Jordy alidakia. "Ni dawa ya Mai-Mai. Mama anajua. Atasema."

Macho ya Major yalikuwa yametua kwenye jeep.

"Huyu wa kamba ni nani?"

"Mupelelezi, Major. Tunamutuma Beni."

"Beni kwa nani?"

"Kwenu, Major. Kama vile tunatumaka bote."

Major alivua miwani akaifuta polepole. "Kwetu? Mi nakaaka pale, Commandant. Wafungwa ba kwako, hakuna mutu moja amefikaka."

Upepo wa mlimani ulipita, na nadhani hata samaki wa Kasonia walinyamaza. Kapinga alielewa. Basi hawakufa Beni. Wale wote waliopandishwa jeep, ambao wake zao walipeleka chakula Beni wakafukuzwa langoni, hawakufika hata kuiona Beni.

Jordy alisogea hadi kwenye jeep, akasimama nyuma ya Xavier. Mkono wake ulitua kwenye bastola kiunoni, bila haraka.

"Mama," Major alimwita. "Bananiambia mambo mbili. Mutu moja anasema maji inapima makamio. Mutu mwingine anasema ni dawa. Mwenye kuiweka ni weye. Iko nini?"

Kila jicho lilimgeukia. Kapinga alimtazama Major, kisha mkono ule kwenye bastola. Alifikiria Gaëlle, na nani angemsuka nywele. Mtoto anaweza kukua na baba peke yake, alijiambia. Xavier ni mpole, atajifunza. Alikuwa ameshachagua.

"Major," alianza. "Hii maji ni ya..."

"Ni mimi nilihesabu!"

Ilikuwa sauti ya Xavier. Alikuwa amesimama kwenye jeep, mikono imefungwa nyuma, na ile sauti yake ya darasani ilifika hadi lori la mwisho.

"Bibi yangu anajua vumbi tu! Mwenye kuhesabu makamio ni mimi! Mchana na usiku! Nyumba yetu iko karibu na njia, Major. Usiku nasikiaka kila kamio yenye inapita mu couvre-feu. Najua ngapi. Najua zinaelekea wapi. Yote iko mu kichwa yangu, na batu bote hapa bamesikia!"

Kapinga hakujua kama ni kweli au uongo. Hajui hadi leo. Alichojua ni kwamba mume wake alikuwa amejivisha kosa lote mbele ya mji, kwa kelele, makusudi, ili bastola ile isiweze kutoka.

Na haikutoka. Jordy aliuondoa mkono kiunoni kama mtu aliyeshikwa anajikuna kanisani.

Major alivaa miwani. Uso wake ulikuwa umeamka. "Makamio ya usiku," alisema. "Kwa kizuizi hiki. Beni bananiambia njia ya usiku inalala." Akageuka. "Mufungue huyu mwalimu. Anakwenda na mimi. Leo jioni atanieleza moja moja, mbele ya wakubwa. Na mama abaki na mabeseni yake. Mutu asiyaguse."

"Ndiyo, Major," Jordy alisema, akapiga saluti nzuri kabisa. "Mais njia ni mubaya siku hizi, hasa kule Kalunguta. Nitakupa askari bakusindikize."

"Asante, Commandant."

Kwa nini Major alikubali? Mimi nimeuliza watu, hakuna aliyenijibu. Labda mtu anayepita kati ya mabeseni bila kutazama hatazami pia nyuma yake.

Xavier alifunguliwa. Hawakupewa nafasi ya kushikana mikono. Alipita karibu na mkewe, akasema tu, "Umupikie Gaëlle ndizi, nitarudi kesho," na Kapinga akaitika kwa kichwa. Akamwona anapita kati ya mabeseni, nyuma ya Major, anaingia kwenye gari la Beni. Mnyororo ukashushwa. Pickup ya askari wa Jordy ikawashwa, na safari hii dereva hakugoma. Magari mawili yakaondoka, moja nyuma ya jingine.

Madereva walipiga makofi. Ésaïe alikimbilia usukani wake akapiga honi. Kapinga aliketi kwenye mawe kando ya beseni, akalia sasa, kwa sauti, hana aibu. Xavier yu hai. Amekwenda na mkubwa, na watu wote wameona.

Kasonia alimwinamia, anajifuta shingo. "Pole, mama. Pole sana. Mais uniambie tu, matokeo ya vumbi iko namna gani? Depo itajengwa ao hapana?"

Kapinga alimtazama bila kumwelewa. Tajiri akaona aibu kidogo, akaenda kuangalia samaki.

Ndipo aliposikia redio. Jordy alikuwa amesimama mgongo kwake, kwenye kivuli cha kibanda, motorola mdomoni. Kilingala chake kilikuwa cha haraka, na Kapinga hakukishika. Alishika neno moja, kwa kuwa lilirudiwa.

"Kalunguta. Oyo, Kalunguta."

Jordy alikata redio, akageuka, akamkuta anamtazama. Hakushtuka. Alikuja akachuchumaa mbele yake, karibu, kama jirani anayekuja kupiga soga, akaangalia ndani ya beseni kwa hamu ya kweli.

"Mama Kapinga," alisema. "Weye unajua kuhesabu magari, ao si vile? Zimetoka mbili." Akainua vidole viwili, kisha akakunja kimoja. "Itarudi moja."

Akasimama, akajipangusa, akaenda kufungulia malori.

Kapinga alitazama barabara ya Beni. Vumbi la magari yale mawili lilikuwa bado liko hewani, halijatua. Alivua viatu, akaanza kukimbia akilifuata.